Kiwanuka hakubadili jina

Mnamo Septemba 24, 2020, tuzo ya Mercury, ambayo kila mwaka hutunukiwa albamu bora kutoka Uingereza na Ireland, iliendea albamu yenye jina la neno moja tu: Kiwanuka. Hapakuwa na ukumbi uliofurika wala vigelegele. Ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga milango ya kumbi zote, na mshindi alitangazwa katika kipindi cha televisheni. Habari hiyo ilipita kwetu kama upepo. Hata hivyo, naamini kwamba kila mwalimu wa lugha katika Afrika Mashariki alikuwa na sababu ya kutua kidogo alipoisoma, kwa maana neno lililokuwa likitajwa London usiku ule ni neno la Kibantu, nalo liliwekwa kwenye albamu hiyo kwa makusudi.

Mwenye jina ni Michael Kiwanuka, aliyezaliwa Mei 3, 1987, katika mtaa wa Muswell Hill, kaskazini mwa London. Wazazi wake ni Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Wanaomfahamu kwa sikio tu humwita mwimbaji wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi ambao jina lake maana yake ni roho, na ambao kina Ray Charles, Sam Cooke na Aretha Franklin waliuchota kutoka katika nyimbo za kanisani wakauleta barazani. Yeye ni Mwingereza, muziki wake chimbuko lake ni Marekani, na jina lake ni la Buganda. Tatu hizi hazikupatana kwa urahisi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Niruhusuni, wasomaji, nianze na sarufi, kwani ndiko iliko riziki yangu. Kiwanuka ni jina la mmojawapo wa balubaale, miungu ya jadi ya Buganda, aliyehusishwa na radi na umeme wa mvua. Umbo la jina lenyewe linasomeka wazi. Kiganda kina kitenzi wanika, yaani kutundika kitu juu. Kina wanula, kukiteremsha kilichotundikwa. Na kina wanuka, kuteremka kutoka juu. Kiambishi ki- kikitangulia, tunapata kile kiteremkacho kutoka juu. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi ya Kiganda ili auone mpango huo. Yeye mwenyewe husema ziba, zibua, zibuka. Kunja, kunjua, kunjuka. Funga, fungua, funguka. Ile kauli ya kutendua, ambayo kila mwaka huwatoa watahiniwa jasho, ndiyo iliyomo tumboni mwa jina la mwimbaji wa London. Sijapata mfano mwingine wa mnyambuliko wa vitenzi uliowahi kushinda pauni 25,000.

Jina hilo lina uzito wa historia pia. Joseph Kiwanuka aliwekwa wakfu kuwa askofu Mkatoliki mwaka 1939, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kufikia daraja hiyo. Benedicto Kiwanuka aliiongoza serikali ya Uganda katika siku za mwisho za ukoloni, kisha akawa Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari wa Amin walimtoa katika Mahakama Kuu mjini Kampala mchana kweupe, akauawa. Simhusishi mwimbaji wetu na hao wawili kwa damu, maana jina hili ni la wengi. Ninachosema ni kwamba Mganda aliyetoroka nchi yake katika miaka ile akiwa na jina hilo hakuwa amebeba neno tupu. Nasi Wakenya tunaikumbuka hijra ile kwa namna yetu: walimu na wahadhiri wengi wa Uganda walipata hifadhi na kazi katika shule na vyuo vyetu, na Okot p'Bitek mwenyewe alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi wakati Amin akitawala kwao. Wengine walivuka bahari.

Michael alikulia katika mtaa ambao majirani wengi walikuwa Wazungu, akalipenda gitaa na muziki wa bendi za roki ambazo vijana wenzake walizishabikia. Amepata kueleza jinsi kumwona Jimi Hendrix, mtu mweusi mwenye gitaa mkononi, kulivyomfumbua macho. Baadaye alikutana na rekodi ya majaribio ya Otis Redding, pamoja na maneno yake ya kawaida studioni, ndani ya santuri iliyotolewa bure na jarida fulani. Ni jambo la kufikirisha kwamba kilichomvuta hakikuwa rekodi iliyosuguliwa ikang'aa, bali ile iliyoacha pumzi ya mtu isikike. Ukisikiliza kazi zake leo utaona kwamba funzo hilo hakulisahau. Sauti yake ina mkwaruzo ambao fundi mwingine wa studio angeukimbilia kuufuta.

Alianza kama mpiga gitaa wa kukodiwa, akiwapigia wengine. Mwaka 2011 kampuni ndogo ya Communion ilitoa nyimbo zake za mwanzo, na mwaka huohuo akafuatana na Adele katika ziara, akiimba kabla ya bibi huyo kupanda jukwaani. Januari 2012 shirika la BBC lilimtaja kuwa chaguo lake la kwanza miongoni mwa wasanii wapya wa mwaka. Machi ikatoka albamu ya Home Again, iliyotayarishwa na Paul Butler, ikafika nafasi ya nne Uingereza na kuteuliwa kuwania Mercury. Ni albamu nzuri. Lakini, mgala muue na haki yake mpe, humo ndani unamsikia Bill Withers na Otis Redding kabla ya kumsikia mwenyewe. Ni kazi ya mwanafunzi hodari ambaye mwandiko wake bado unafanana na wa mwalimu.

Kisha kikaja kipindi cha ukimya. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba Kanye West alimwalika katika matayarisho ya albamu yake ya Yeezus, iliyotoka mwaka 2013, naye akaketi huko bila kuelewa alitakiwa afanye nini, mwishowe akajiondokea kimya kimya. Miaka minne ilipita tangu albamu ya kwanza hadi ya pili. Katika biashara ile, ambapo msanii asiyesikika kwa mwaka mmoja huanza kusahauliwa, miaka minne ni umri.

Kilichomtoa huko ni Love & Hate, ya Julai 2016, aliyoitengeneza na watayarishaji wawili ambao hajaachana nao hadi leo, Mmarekani Danger Mouse na Mwingereza Inflo. Albamu ilikwenda moja kwa moja hadi nafasi ya kwanza nchini mwake. Wimbo unaoifungua, Cold Little Heart, unakaribia dakika kumi, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni ala na kiitikio kisicho na maneno; mwimbaji anakungojesha. Kwa watu wa redio waliozoea nyimbo za dakika tatu, huo ulikuwa ujeuri. Kinyume cha mambo ni kwamba mwaka 2017 kipande cha wimbo huohuo kilifanywa utangulizi wa tamthilia ya televisheni ya Marekani, Big Little Lies, na mamilioni ya watu wakakijua kwa sekunde zake chache bila kujua yule aliyeuimba ni nani.

Katika albamu hiyo pia kuna Black Man in a White World, wimbo ambao jina lake latosha kueleza maudhui yake. Huurudia usemi huohuo mmoja juu ya makofi, tena na tena. Mwanafunzi mwenye haraka atasema mtunzi ameishiwa na maneno. La hasha. Urudiaji ni mbinu kongwe, na wanaofundisha fasihi simulizi wanajua kwamba sentensi ikirudiwa mara ishirini haibaki na maana ileile: mara ya kwanza ni taarifa, mara ya tano ni malalamiko, mara ya kumi na tano yamkini ni ukaidi. Ningependa kuuona wimbo huo katika somo la isimujamii, kando ya mifano yetu ya siku zote.

Sasa nalirudia jina. Kiwanuka ameeleza kwamba alipotia saini mkataba wake wa kwanza watu walimuuliza atajiita nani. Swali hilo lilimshangaza, kwa kuwa hakuwahi kudhani kwamba alihitaji jina jingine. Amesema pia kwamba kuna wakati aliwaza huenda angeuza zaidi kwa jina la kubuni. Alipotafuta mfano wa majina ya aina hiyo alimtaja Johnny Thunders, mwanamuziki wa zamani wa Marekani. Hapo mwanaisimu hawezi kujizuia kutabasamu, kwani Thunders ni ngurumo za radi. Mtu mwenye radi ya kurithi alikuwa akifikiri juu ya radi ya kuazima! Jibu lake lilikuja Novemba 2019 kwa albamu ya tatu. Hakuipa jina la wimbo wala la hisia, aliipa jina la ukoo wake, na jalada likachorwa picha yake ya rangi akiwa amevikwa kama mfalme.

Kuna atakayesema kwamba nalikuza jambo dogo. Na tuangalie basi waliomtangulia. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, aliushinda ulimwengu akiitwa Freddie Mercury. Georgios Panayiotou, mwana wa Mgiriki wa Saiprasi, aliimba akiitwa George Michael. Mary O'Brien, mwenye asili ya Ireland, ambaye hadi leo wengi humhesabu kuwa sauti bora kabisa ya kike ya soul iliyotoka Uingereza, aliitwa Dusty Springfield. Helen Folasade Adu, aliyezaliwa Ibadan, alibaki na silabi mbili za jina lake la Kiyoruba, Sade, na hata hizo Waingereza walilazimika kufundishwa namna ya kuzitamka. Simlaumu hata mmoja wao; majina waliyojichagulia waliyatukuza. Lakini ukiyapanga majina hayo kwa safu utaona mkondo unaelekea upande mmoja tu. Ni nadra kumsikia Mwingereza aitwaye Smith akishauriwa ajiite Panayiotou ili auze.

Wala sisemi kwamba kubadili jina ni usaliti. Wanafunzi waliosoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert wanajua kwamba mwimbaji yule mashuhuri, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880 na aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina lililomjia baadaye, na nani leo angemtaka arudie la kwanza? Pwani yetu imejaa lakabu za washairi na waimbaji, na lakabu ni taji. Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika nani anatoa jina na kwa nini. Siti alipewa jina na watu waliomsikiliza wakamwona amepanda. Swali aliloulizwa Kiwanuka lilitoka kwa watu ambao hawajamsikia bado, na ndani yake mlikuwa na dhana kwamba jina la babake ni mzigo sokoni.

Dhana hiyo haiko London peke yake. Kazi yangu hunipeleka mashuleni kuwakagua wanafunzi wa ualimu wanapofanya mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilikaa nyuma ya darasa wakati mwalimu mwanagenzi akiita majina. Alifikia jina la msichana mmoja, jina refu lenye konsonanti za kwao, akajikwaa mara mbili, akacheka, akasema, "Wewe nitakuita K." Darasa zima likacheka, na mtoto naye akacheka. Niliporudi baada ya wiki tatu nililipitia rundo la madaftari mezani. Juu ya daftari la msichana yule palikuwa na jina lake la ubatizo, herufi K, na nukta. Mwanagenzi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu mchangamfu, na nilimpa alama nzuri katika mengine yote. Nilimwambia tu kwamba mtu anayeweza kutamka Schwarzenegger bila kusitasita, na yeye aliweza, hana udhuru mbele ya jina la mtoto wa kaunti jirani.

Kwetu, hata hivyo, suala hili lina mwiba ambao London hauna. Jina la Kiwanuka likitajwa Uingereza humwambia msikilizaji kwamba mwenye jina ana asili ya mbali, basi. Jina la mtoto wetu likitajwa Nairobi humwambia msikilizaji kabila lake, na pengine, katika fikira za wengine, babake alimpigia nani kura. Nawajua wazazi ambao baada ya machafuko ya 2007 na 2008 waliamua kwamba watoto wao watakaozaliwa watapewa majina mawili ya Kizungu na la ukoo lifichwe nyuma kama akiba. Siwezi kuwasimanga. Mtu aliyeona jina likiulizwa kizuizini barabarani ana haki ya kuogopa. Lakini mwanagenzi wangu hakuwa kizuizini. Alikuwa darasani, mahali ambapo jina lapaswa kutajwa likiwa zima bila mtoto kutetemeka, na kama halitajwi hapo sijui litatajwa wapi.

Turudi kwa mwimbaji, kwa kuwa majina hayakumwacha hata baada ya ushindi. Albamu ileile ambayo Waingereza wengi waliiita ya soul iliteuliwa katika tuzo za Grammy za mwaka 2021, na Wamarekani wakaiweka katika kundi la albamu bora ya roki. Nani alikosea? Mimi nasema hakuna, na wote. Ngozi na sauti ya mwimbaji humfanya mtu mmoja aseme soul, gitaa zenye mngurumo humfanya mwingine aseme roki, na ndani ya wimbo mambo hayo hayajatengana. Istilahi za muziki, kama zile za lahaja, hutuambia mengi zaidi kuhusu aliyeweka mipaka kuliko kuhusu kinachowekewa mipaka. Wimbo wa Hero katika albamu hiyo unamkumbuka Fred Hampton, kiongozi kijana wa Black Panther aliyeuawa na polisi huko Chicago Desemba 1969. Hiyo nayo iwekwe katika kundi gani?

Aidha, naomba tusiharakishe kumwita wa kwetu. Tuna tabia hiyo: mtu mwenye asili ya huku akishinda kokote duniani, kesho yake tunamvika kilemba. Michael Kiwanuka ni zao la shule, kumbi na studio za Uingereza, na London ndiyo iliyomlea kipaji. Ukitafuta ngoma za Buganda katika nyimbo zake utachoka bure. Afrika Mashariki ilichompa ni wazazi waliolazimika kuondoka na jina walilokwenda nalo. Mchango wetu wa kwanza ulikuwa kuwafukuza, kwa hiyo kilemba hicho tukishike kwa adabu.

Albamu yake ya nne, Small Changes, ilitoka Novemba 22, 2024, akiwa tena na Danger Mouse na Inflo. Ni kazi ya upole, yenye nyuzi laini na besi ya taratibu, ya mtu aliyeyapunguza makelele. Wapo walioiona imepoa. Mimi naipenda zaidi kila ninapoirudia, hasa usiku ninaposahihisha insha. Haina jina la ukoo kwenye kichwa chake, na haikulihitaji. Walimu watakaotaka kuichezesha darasani, au ile ya 2019 ambayo kwa somo la lugha ndiyo bora, wasiwafuate watangazaji wetu wa redio wanaolipindua jina la mtu huyu kwa lafudhi ya Kizungu ili wasikike wamesafiri. Silabi ni nne, zote wazi, na mkazo wake mkilitamka kwa Kiswahili ni palepale tulipouzoea, ya pili kutoka mwisho: Ki-wa-nu-ka.